Macho Hayana Pazia: Maneno Juu ya Miwani ya Kukinga Macho

 

Leo twataka kusema juu ya kitu kilicho kidogo kwa bei na kikubwa kwa faida, yaani miwani ya kukinga macho, na namna ya kuichagua. Hatusemi juu ya miwani ya kusomea wala ya kujipamba. Twasema juu ya ile aivaayo mtu ili jiwe, chuma, dawa au mwanga mkali usimpofushe.

Wahenga walisema, macho hayana pazia. Maana yao ilikuwa kwamba jicho huona lolote lipitalo mbele yake, liwe la kupendeza au la kuchukiza. Sisi leo twaweza kuyachukua maneno hayo kwa maana ya pili. Ni kweli kwamba jicho limepewa kope, nazo hufumba upesi sana. Lakini upesi huo una kadiri yake: hutaka kama sehemu moja ya kumi ya sekunde. Sasa na tufanye hesabu, watoto wa shule watusaidie. Mtu agongaye jiwe huwa na uso wake karibu nusu mita tu kutoka mahali pa pigo. Ikiwa kipande kitaruka kwa mwendo wa mita 20 kwa sekunde, nusu mita hiyo kitaimaliza kwa sehemu moja ya 40 ya sekunde. Basi jiwe limekwisha kufika, na kope zingali njiani.

Wako wasemao, "Mimi ni mzoefu, hufumba macho kila nishushapo nyundo." Twawajibu kwa heshima kwamba anayefumba macho kabla ya kupiga hukinga jicho na kuponda kidole. Tena kope ni ngozi nyembamba, wala si ngao. Pazia la kweli hapana budi tulitie wenyewe.

Jambo hili si la watu wachache. Mwaka 1998 wataalamu wawili wa macho, Négrel na Thylefors, walikadiria kwamba duniani walikuwako watu kama milioni 19 waliopoteza uwezo wa kuona kwa jicho moja, au kupungukiwa nao sana, kwa sababu ya kuumia. Hao hawakupatwa na ugonjwa wala uzee. Walipigwa na kitu, au walichomwa na kitu.

Basi ili tusiseme hewani, na tuwaze nyumba moja ya Samuye. Mwenye nyumba ni mzee mkulima; hulima pamba, na kila msimu huinyunyizia dawa kwa bomba la mgongoni. Mkewe na mke wa mwanawe, wakati wa kiangazi, hugonga kokoto chini ya mti na kuwauzia wajenzi. Mwanawe mkubwa amekwenda Mwakitolyo kwenye dhahabu. Mara yumo ndani ya duara na nyundo na tindo, mara yuko penye karasha mawe yasagwapo. Mwanawe mdogo yuko mjini Shinyanga, ajifunza kuchomelea vyuma.

Mavuno yameuzwa, fedha kidogo imeingia. Mzee huyu amesikia habari za miwani, asema, "Nitanunua moja iliyo nzuri, tuitumie sote kwa zamu." Nia yake ni njema, wala hatumcheki. Lakini amekosea mambo mawili. Kwanza, kazi zao hazilingani, na miwani moja haiwezi kazi zote, kama vile jembe haliwezi kuwa shoka. Pili, miwani ipitayo usoni mwa huyu na huyu yaweza kuchukua maradhi ya macho kutoka kwa mmoja hata kwa mwingine. Yafaa kila mtu awe na yake. Na ikiwa lazima wavae wawili, basi ioshwe kwanza kwa maji na sabuni.

Mwenye kuchagua aanze wapi, basi? Asianze kwa kutazama miwani. Aanze kwa kutazama kazi, ajiulize: ni adui gani atakayelijia jicho langu? Maadui wenyewe ni wanne.

Adui wa kwanza ni kipande kirukacho. Ndiye adui wa wale akina mama wa kokoto, ndiye adui wa mchimbaji mwenye tindo, wa mpasua kuni, na wa fundi akataye chuma kwa mashine ya kuzunguka. Dawa yake ni miwani yenye vioo vigumu na kinga za pembeni, kwa sababu jiwe haliji kutoka mbele tu. Mara nyingi hutoka kwa jirani aketiye kando. Na ugumu huo hautokani na kioo cha kawaida. Kioo cha kawaida kikipigwa hupasuka, na vipande vyake huwa adui mpya ndani ya jicho. Vioo vya miwani hii hufanywa kwa kitu kiitwacho polikaboneti, kilichovumbuliwa mwaka 1953 na wataalamu wawili, kila mmoja peke yake: Hermann Schnell katika Ujerumani na Daniel Fox katika Marekani. Ni chepesi kama plastiki, nacho hupinda kidogo kipigwapo badala ya kuvunjika.

Adui wa pili ni vumbi. Penye karasha vumbi la mawe hupanda kama moshi. Miwani ya kwanza tuliyoitaja ina nafasi juu na chini, na vumbi hupita humo. Hapa yafaa ile miwani ya kuziba, iliyo na ukingo laini wa kukaa juu ya ngozi pande zote, na mkanda wa kuizungusha kichwani.

Adui wa tatu ni maji makali. Katika neno hili twaingiza dawa ya pamba, asidi ya betri, chokaa, na maji ya sianidi watumiayo wenye kuchenjua dhahabu. Chokaa na soda kali ni adui asiyeogopwa inavyopasa, kwa sababu hutafuna jicho kwenda ndani wakati mtu adhani maumivu yanapungua. Kwa adui huyu, tazameni matundu ya kupitishia hewa. Miwani ya kuziba huwa ya namna mbili. Ya kwanza ina vitundu vilivyo wazi, nayo yafaa kwa vipande vikavu; lakini maji yakiruka, huingia humo moja kwa moja. Ya pili ina vifuniko juu ya vitundu, hewa yazunguka ndipo ipite, na tone haliwezi kufuata njia hiyo. Kwa dawa na maji makali, chagueni hii ya pili. Na mahali maji yawezapo kumwagika kwa wingi, mtu avae juu yake ngao ya uso, ile ya plastiki safi ishukayo hata kidevuni. Ngao hiyo peke yake haitoshi, kwa kuwa iko wazi chini na pembeni.

Adui wa nne ni mwanga, naye ni mwerevu kuliko wenzake, maana haumizi papo hapo. Moto wa kuchomelea hutoa mionzi isiyoonekana, nayo huunguza utando mwangavu ulio mbele ya jicho. Fundi humaliza kazi, hula chakula, hulala. Kisha usiku wa manane huamka akilia kana kwamba mchanga umemwagwa machoni mwake. Ngao za kuchomelea hupewa namba za giza: namba ikizidi, giza huzidi. Kuchomelea kwa umeme, kwa kawaida, hutaka namba 10 hadi 14 kwa kadiri ya nguvu ya umeme. Kuchomelea kwa gesi hutaka giza pungufu, namba 4 hadi 8. Wala msidhani hatari ni ya fundi peke yake. Watoto wakusanyikao mlangoni kutazama cheche, nao huunguzwa vivyo hivyo.

Hapa twataka kusema neno juu ya miwani myeusi iuzwayo sokoni na stendi za mabasi. Wengi huivaa kwa kuchomelea, kwa kugonga mawe, hata kwa kunyunyizia dawa, wakiamini kwamba giza ni kinga. Giza si kinga. Kioo chaweza kuwa cheusi kabisa na mionzi ikapita. Tena nyuma ya giza mboni hupanuka, ikaifungulia mionzi hiyo mlango mpana zaidi. Kinyume chake, polikaboneti nzuri iliyo nyeupe kama maji huzuia karibu mionzi yote ya jua isiyoonekana, ingawa haitoshi kabisa kwa moto wa kuchomelea. Basi rangi ya kioo isiwadanganye. Hali kadhalika miwani ya kusomea si kinga ya kazi. Mwenye kuivaa atafute ile pana ivaliwayo juu yake.

Sasa mtu atajuaje dukani kwamba miwani hii ni ya kweli? Asome maandishi madogo yaliyochorwa kwenye fremu na pembeni mwa kioo. Miwani ifuatayo kanuni za Marekani huandikwa Z87. Na ikiwa na alama ya kujumlisha mbele yake, Z87+, maana yake imejaribiwa kwa mapigo makali zaidi. Ile ifuatayo kanuni za Ulaya huandikwa EN 166, na sasa nyingine huandikwa 16321, ambayo ni kanuni mpya zaidi. Katika EN 166, herufi F maana yake kioo kilipigwa na kirisasi cha chuma chenye upana wa milimita 6 kiendacho mita 45 kwa sekunde, wala hakikuvunjika. Herufi B ni mita 120 kwa sekunde, nayo hupatikana katika miwani ya kuziba na ngao za uso. Katika fremu, namba 3 ni kinga ya maji yarukayo, namba 4 ni ya vumbi la chembe kubwa, na namba 5 ni ya gesi na vumbi laini. Twawaomba watoto wa shule wayaandike haya katika daftari, ili mzee aendapo dukani awe na msomaji karibu yake. Miwani isiyo na alama yoyote, hata ikiwa nzuri kwa macho, hatuna ushahidi wa nguvu zake. Nayo alama yaweza kughushiwa. Kwa hiyo nunueni kwa mwenye duka ajulikanaye, ambaye mwaweza kumrudia.

Baada ya alama, jaribu usoni. Vaa miwani, uiname, utikise kichwa. Ikianguka dukani, itaanguka na shimoni. Tazama kama pana uwazi mkubwa kati ya fremu na paji la uso au shavu, kwa kuwa kipande hupenda njia hiyo. Uso wa mama si sawa na uso wa kijana, kwa hiyo mwenye kuvaa na aende mwenyewe dukani. Miwani ibanayo masikio haikai usoni. Kabla ya saa sita itakuwa imepandishwa juu ya kofia, na kofia haina macho.

Twajua pia shida yenu kubwa: jasho na ukungu. Watu hawaachi miwani kwa ukaidi, huiacha kwa sababu hawaoni. Basi kwa kazi ya vipande vikavu chagueni iliyo na matundu mengi. Fungeni kitambaa kwenye paji la uso kizuie jasho. Tafuteni kioo kilichopakwa dawa ya kuzuia ukungu. Wala msifute vumbi la mawe kwa kanga kavu. Vumbi hilo ni mchanga, hukwaruza kioo mpaka kikawa kama kimefunikwa na maziwa. Mwageni maji kwanza, ndipo mfute. Kioo kilichokwaruzwa sana, au kilichowahi kupigwa kwa nguvu, kibadilishwe.

Na tuache kazi kidogo, tutazame michezo, kwa maana jicho halijui siku ya mapumziko. Manati ya mvulana yalitengenezwa kwa ndege, lakini mara ngapi yamempata ndugu? Hapa hatusemi vaeni miwani. Twasema manati yasielekezwe kwa mtu kamwe, na mshale wa mchezo usiwe na ncha. Mpanda pikipiki ashuke kioo cha kofia yake, kwa kuwa mdudu mdogo akutanaye na jicho katika mwendo mkali huwa kama jiwe, na aliyepofuka kwa nusu dakika barabarani aweza kuua. Tena wako wapendao kutazama maajabu ya mbinguni. Tarehe 1 Septemba 2016 watu wengi walikusanyika Rujewa, katika Mkoa wa Mbeya, walione jua likifunikwa na mwezi mpaka likabaki kama pete. Kwa jambo kama hilo, wala miwani ya jua wala kioo kilichopakwa masizi havifai. Hutakiwa miwani yake maalumu, iliyoandikwa ISO 12312-2.

Labda mtu atauliza, "Ni nani alipe?" Katika migodi mikubwa, kama ule wa Geita ulioanza kazi upya mwaka 2000, mfanyakazi hupewa kofia, viatu na miwani kabla hajaingia kazini. Penye maduara ya wachimbaji wadogo mara nyingi kila mtu huachiwa macho yake. Lakini Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, ya mwaka 2003, humtaka mwajiri awape watu wake vifaa vya kujikinga; na mwenye karasha au karakana ya kuchomelea aliyeajiri watu ni mwajiri. Kijana aulize kwa adabu kabla hajaanza kazi, si baada ya kuumia.

Na ikitokea ajali, shikeni haya machache. Jicho lililopata maji makali, au mate ya nyoka swila, lioshwe papo hapo kwa maji safi mengi, dakika 20 au zaidi, kope zikiwa zimefunuliwa. Ndipo mtu apelekwe kwa mganga wa hospitali. Msingoje gari kwanza. Maji ya mtungi yaliyo karibu ni bora kuliko dawa iliyo mbali. Kitu kilichochoma ndani ya jicho kisichomolewe, wala jicho lisisuguliwe. Lifunikwe kwa kikombe safi kisichogusa jicho, safari ianze. Aliyepigwa na kipande cha chuma kutoka kwenye nyundo aende akachunguzwe hata kama maumivu ni madogo, kwa kuwa kipande chembamba huweza kuingia ndani na mlango ukafunga nyuma yake. Na twawasihi sana: msitie jichoni majani, maziwa, mkojo wala unga wa aina yoyote. Jeraha dogo ambalo lingepona huoza kwa dawa hizo.

Sasa turudi kwa yule mzee wetu wa Samuye. Ameisikia habari yote, amehesabu fedha yake, ameona inatosha miwani mitatu tu. Ampe nani? Hapo kwanza alikuwa akimfikiria mwanawe wa dhahabu, kwa sababu ndiye aletaye fedha nyumbani. Nasi tusingemlaumu. Lakini na ahesabu mapigo ya nyundo. Mkewe na mkwewe hupiga mawe tangu asubuhi hata jioni, siku baada ya siku, uso ukiwa karibu na jiwe, na mtoto mchanga yu kando yao juu ya mkeka. Hao ndio wa kwanza. Wanunuliwe miwani miwili ya vioo vigumu yenye kinga za pembeni, kila mmoja yake. Bei yake mara nyingi haizidi thamani ya kuku. Na mkeka wa mtoto uhamishwe mbali na mawe, nyuma ya mti, maana hakuna miwani ya mtoto mchanga. Miwani ya tatu iwe ya kuziba yenye matundu yaliyofunikwa, kwa ajili ya mzee mwenyewe na bomba lake la dawa. Wale vijana wawili waandikiwe barua, wawaendee wenye kazi, wadai haki yao. Wakikosa, basi mavuno yajayo yaanze na wao, kila mmoja na kinga yake.

Huenda majirani watawacheka wale akina mama siku ya kwanza, wakisema wamekuwa mabwana wa mgodini. Na wavumilie. Jino likitoka, mtu atatafunia upande wa pili. Mfupa ukivunjika, utaunga. Jicho lililopasuka halioti tena, wala fedha ya kokoto za maisha yote haiwezi kulinunua lingine.

Kesho asubuhi, kabla nyundo haijainuka, kila mmoja na ajiulize swali lile: ni adui gani atakayelijia jicho langu leo? Akisha kumjua, ajitilie pazia. Twawatakia usiku mwema.